Masomo madogo ya tovuti na programu: mbele ya kulipa, hesabu dakika za mtoto kwenye mashini

Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira wanatafuta kujifunza kutengeneza tovuti na kuandika programu za kompyuta. Si wote wanapita kwenye chuo kikuu. Wengine wanajifunza katika chumba kidogo cha mtaa, pamoja na yaya mmoja anayejua kazi. Njia hii inaweza kumpa kijana ufundi wa kweli. Inaweza pia kula feza ya familia bure. Tofauti iko wapi?

Chukua mfano wa mama anayeuza sambaza sokoni. Kijana wake amemaliza sekondari, diploma ya serkali anayo, lakini chuo kikuu hakuna uwezo. Siku moja anarudi nyumbani na habari: kuna masomo ya tovuti na programu, miezi mitatu, dola 60, na mwisho wanatoa breve. Mama anajua sambaza. Akiinama juu ya beseni, anatazama, ananusa, anashika, na anajua kama ni ya leo ao ya jana. Lakini masomo ya kompyuta atayanusa namna gani? Mara nyingi mzazi anauliza swali moja tu: "Mwisho kuna breve?" Wakiitika ndiyo, anatoa feza.

Swali hilo si baya, lakini si la kwanza. Katika kazi hii, mtu anayetafuta mfanyakazi haangalii sana karatasi. Anauliza: onyesha kitu ulichotengeneza. Na kitu hicho kinatoka mahali pamoja tu, ni kwenye saa ambazo kijana ameketi mbele ya mashini, mkono wake mwenyewe kwenye vidude, huku mtu anayejua akisoma kazi yake na kumwambia wapi amekosea. Saa hizo na jicho hilo njo vitu mzazi anavyonunua. Mengine yote ni nyongeza.

Sababu gani swali hili ni zito leo

Mwisho wa Januari 2025 AFC/M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Benki zilifunga milango katika miji hiyo miwili, viwanja vya ndege vikasimama, na watu wengi wakapoteza kazi ao biashara. Mwaka huohuo Marekani ilikata misaada yake na kufunga shirika lake la USAID, na mashirika mengi yaliyokuwa yakifanya kazi mashariki yakapunguza wafanyakazi. Kwa miaka mingi, kijana aliyesoma hapa mashariki alikuwa na ndoto ya kupata kazi kwenye shirika. Mlango huo umekuwa mwembamba.

Njo maana vijana wanageukia ufundi unaoweza kufanywa popote. Fundi wa programu haombi shamba, haombi gari, haombi barabara ya Sake ao ya Kasindi iwe wazi. Akikimbia vita, kazi yake inaingia katika flashi ndogo mfukoni. Hilo ni jambo la kweli na ni sababu nzuri. Lakini pale watu wanapotafuta mlango wa kutokea kwa haraka, wauza maneno nao hawakosi. Mtu anayeahidi kwamba nyuma ya miezi mitatu kijana atalipwa dola na watu wa Ulaya, anauza tumaini, hauzi masomo.

Wanafundisha kitu gani hasa?

Tovuti, ile vijana wanaita siti, ni kurasa zinazosomwa kwenye intaneti kwa telefone ao kwa kompyuta. Kuitengeneza kunaanza na lugha tatu. Fikiri nyumba ya mbao kama zile za Goma. HTML ni miti na mbao: hapa kichwa cha habari, hapa maneno, hapa picha. CSS ni rangi, ukubwa wa dirisha na mpango wa vyumba. JavaScript ni kufuli na waya za umeme: ukigusa hapa, kitu kinafunguka ao kinawaka. Nyuma ya hizo tatu kunakuja lugha nyingine kama PHP na Python, na namna ya kuweka majina, bei ao hesabu katika ghala ya habari ili programu izipate tena.

Lugha hizi hazina mwenye kuzifungia. Mtandao wa kurasa za intaneti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka wa 1989, alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti karibu na Geneva. Tarehe 30 Aprili 1993, CERN ilitangaza kwamba kila mtu anaweza kuutumia bila kulipa chochote. Mpaka leo, mtu akifungua ukurasa kwenye kompyuta anaweza kuomba aonyeshwe HTML iliyouandika, sawa na fundi anayezunguka nyuma ya nyumba ya jirani kuangalia namna mbao zilivyopigwa misumari.

Masomo nayo yapo bure. Mwaka wa 1999, kijana Mfaransa Mathieu Nebra, wa umri wa miaka 13, aliona vitabu vya HTML ni vigumu kwa mtu anayeanza. Akaanza kuandika masomo yake mwenyewe kwa Kifaransa chepesi, akayaita Site du Zéro. Baadaye ikawa OpenClassrooms, na masomo mengi pale yanasomeka bila kulipa. Kwa Kiingereza kuna freeCodeCamp, iliyoanza 2014, na kuna CS50 ya chuo kikuu cha Harvard. Zote mbili ni bure kwa anayetaka kujifunza.

Basi, kama elimu yenyewe ni bure, dola 60 zinalipa nini? Zinapashwa kulipa vitu vine: mashini, umeme, mega, na mtu wa kusoma kazi ya mwanafunzi. Chumba kinachokosa vitu hivyo kinauza kitu ambacho tayari ni bure.

Hesabu ya dakika

Hapa mama muuza sambaza anaweza kushika kalamu, sababu hesabu hii haiombi kujua kompyuta.

Chukua chumba cha kwanza, kwa mfano. Kuna wanafunzi 20 na mashini 4. Wanasoma saa mbili, mara tatu kwa juma, kwa majuma 12, na wanalipa dola 60. Saa mbili ni dakika 120. Mashini 4 zinatoa dakika 480 kila siku ya masomo. Ukizigawa kwa wanafunzi 20, kila mmoja anapata dakika 24. Siku ambapo umeme unakatika kwa nusu saa, anapata 18. Kwa miezi mitatu, siku 36 za masomo, bila umeme kukatika hata mara moja, kijana ameshika mashini kwa saa 14 na dakika 24. Gawa dola 60: kila saa ya mashini imemgharimu mzazi zaidi ya dola 4.

Sasa chukua chumba cha pili. Ni sebule ya kijana aliyemaliza masomo ya kompyuta. Ana wanafunzi 4 na mashini 2. Wanasoma saa mbili, mara mbili tu kwa juma, majuma yaleyale 12. Anaomba dola 80. Watu wanasema ni bei kali, na tena hana kibao mlangoni. Lakini mashini 2 zinatoa dakika 240, na kila mwanafunzi anapata 60. Kwa siku 24 za masomo ni saa 24. Kila saa imegharimu dola 3 na sehemu kidogo.

Basi chumba cha bei ya juu njo cha bei ya chini. Na bado hatujahesabu mwalimu. Katika chumba cha kwanza, akitoa dakika zote 120 kwa kusoma kazi za wanafunzi, kila mmoja anapata dakika 6. Katika chumba cha pili, kila mmoja anapata 30.

Kuna tena jambo lingine. Kukaa wawili kwenye mashini moja si hasara kila mara. Mafundi wa programu wenyewe wanafanya hivyo katika kazi: mmoja anaandika, mwenzake anasoma na kuona makosa, kisha wanabadilishana. Hapo anayesubiri naye anajifunza. Lakini wakiwa watano kwenye mashini moja, wawili wanafanya kazi, mmoja anaangalia, na wawili wako kwenye telefone zao.

Jicho la mwalimu

Mtu anaweza kuuliza: kama masomo ni bure kwenye intaneti, kijana hawezi kujifunza peke yake? Kuna wanaofaulu. Lakini wengi wanaachia njiani, na mara nyingi sababu si akili ndogo. Ni kosa dogo lililokosa mtu wa kulionyesha.

Mfano mmoja ambao kila mwalimu wa kazi hii anaujua: mwanafunzi ameweka picha ya duka la mjomba wake kwenye ukurasa. Faili ya picha inaitwa Duka.JPG, kwa herufi kubwa. Katika HTML ameandika duka.jpg, kwa herufi ndogo. Kwenye mashini yake ya Windows picha inaonekana vizuri, sababu Windows haijali herufi kubwa ao ndogo katika majina ya faili. Anafurahi, anapeleka kurasa zake kwenye intaneti, na picha inapotea. Kompyuta nyingi zinazobeba tovuti zinatumia Linux, na kwa Linux Duka.JPG na duka.jpg ni majina mawili tofauti. Peke yake, kijana anaweza kupoteza siku tatu, akiamini rezo ni mbaya ao mashini imeharibika, kisha anaacha. Pamoja na mwalimu, ni dakika mbili.

Lakini mwalimu mzuri hafanyi haraka ya kusahihisha. Anauliza: "Jina la faili ni lipi? Lisome herufi kwa herufi." Mwanafunzi analiona mwenyewe, na hatalisahau tena. Mwalimu mbaya anavuta mashini kwake, anapiga vidude mara kumi, kila kitu kinakaa sawa, na mwanafunzi anapiga makofi bila kujua kimetokea nini. Mzazi anayepita kuangalia darasa anaweza kuona jambo hili bila kujua hata neno moja la HTML: aangalie tu mikono ya nani iko kwenye vidude.

Lugha nayo inahesabika. Amri za programu zimeandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Vitabu vingi vinavyopatikana hapa ni vya Kifaransa. Kijana anawaza kwa Kiswahili, ao kwa Kinande, Mashi, Kilega. Anabeba mizigo mitatu kwa mara moja. Maneno ya kukariri si mengi: kwa kuanza HTML, alama kama ishirini zinatosha. Kigumu ni kuelewa wazo lililo nyuma ya neno. Katika kikundi kidogo, mwalimu anaweza kueleza kwa Kiswahili: programu inauliza swali, jibu likiwa ndiyo inapita njia hii, likiwa hapana inapita njia ile, sawa na mtu anayeuliza kwenye rompuani. Mwanafunzi akielewa hivyo, neno la Kiingereza linabaki jina tu. Kazi hii ya kueleza kwa lugha ya nyumbani, intaneti bado inaifanya vibaya. Yaya wa mtaa anaifanya vizuri.

Umeme ukikatika, rezo ikipotea

Mwisho wa Januari 2025, mapigano yalikata umeme na intaneti Goma kwa siku kadhaa. Hata wakati wa amani, wakaaji wa mashariki wanajua namna siku ya masomo inavyoweza kufa sababu ya umeme. Wenye masomo wengine wanasema: "Leo rezo hakuna, rudini posho."

Jibu hilo halikubaliki kwa miezi ya kwanza. HTML, CSS na JavaScript za kuanza hazihitaji intaneti. Mwanafunzi anaandika faili, anaihifadhi kwenye mashini, anaifungua kwa programu ileile anayosomea kurasa za intaneti, na anaona kazi yake bila kutumia hata mega moja. Kompyuta ya mkono ya zamani inatosha, mradi batri yake inashika saa moja ao mbili. Intaneti inahitajika siku ya kupeleka kazi nje, siku ya kushusha masomo mapya na wakati wa kutafuta jibu gumu.

Mega nazo zina hesabu yake. Kuangalia video ya saa moja kunaweza kula mega mia tano ao zaidi, kufatana na ubora wa picha. Ukurasa wa maneno unaofundisha jambo lilelile unakula mega chache tu. Mwalimu anayejua hali ya hapa anashusha masomo mara moja, anayapitisha kwa flashi kwa wanafunzi wote. Kuna pia Kiwix, programu ya bure inayomwezesha mtu kubeba Wikipedia na vitabu vingine kwenye telefone ao kompyuta na kuvisoma bila intaneti.

Na telefone? Kuna programu za kuandikia HTML kwenye telefone za Android, na mwanafunzi asiye na mashini nyumbani anaweza kuzitumia kwa mazoezi ya jioni. Lakini kioo ni kidogo, na kazi ndefu inachosha. Telefone inaongeza dakika. Haichukui nafasi ya mashini.

Katika eneo la vita, fundisho moja linapashwa kutolewa tangu siku ya kwanza: weka kazi yako mahali pawili. Flashi moja nyumbani, na nakala nyingine kwenye intaneti, kwa mfano kwenye GitHub, ambako mtu anaweza kuweka kazi zake bila kulipa na kuzipata tena akiwa Kampala, Bujumbura ao Kisangani. Mashini inaibiwa, nyumba inaachwa usiku. Kijana aliyefika kambini na mikono mitupu, lakini kazi zake ziko GitHub, bado ana kitu cha kuonyesha.

Je, akili bandia haijamaliza kazi hii?

Tangu Novemba 2022, wakati ChatGPT ilipotoka, swali hili linaulizwa kila mahali. Leo mtu anaandika kwa Kifaransa cha kawaida kwamba anataka ukurasa wa hoteli wenye rangi ya kijani, na nyuma ya dakika moja HTML yote iko mbele yake. Kwa hiyo ni kweli: kujua kupanga ukurasa mzuri, peke yake, hakulipi tena kama zamani. Masomo yanayoishia hapo yanafundisha kazi ambayo mashini imekwisha kuanza kuifanya.

Lakini akili bandia inakosea pia, na inakosea kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Inaweza kutoa programu ya duka la dawa ambayo inafanya kazi leo, na kesho inaacha kila mtu asome majina ya wagonjwa. Mwenye kuona kosa hilo ni mtu anayeelewa kila mstari. Congo ina sheria juu ya mambo haya: kanuni ya numeriki, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda pia habari za siri za watu. Fundi anayempa mteja programu asiyoielewa anamwingiza katika hatari, na anajiingiza mwenyewe.

Kuna njia rahisi ya kupima. Mwanafunzi akionyesha kazi nzuri, mwalimu aweke telefone pembeni na kumwambia: badilisha jambo hili moja, hapa, sasa, na unieleze sababu gani umefanya hivyo. Aliyejifunza atakwenda polepole lakini atafika. Aliyenakili atatafuta telefone yake. Katika darasa la watu wanne, jaribio hili linafanyika kila juma. Katika darasa la watu ishirini, halifanyiki.

Feza itatoka wapi?

Hapa ni lazima kusema ukweli, sababu matangazo mengi yanauficha. Maduka mengi ya mashariki hayatafuti tovuti. Muuza nguo wa Birere ao wa Kadutu anaweka picha kwenye WhatsApp, wateja wanamjibu palepale, analipwa kwa M-Pesa ao Airtel Money, na biashara inaisha. Kumwambia alipe dola mia mbili kwa tovuti ni kumuuzia mwavuli wakati wa jua.

Wateja wa kweli ni wengine. Kuna koperative za kahawa za Kivu zinazotafuta wanunuzi wa mbali wasiozijua, na ambao watataka kusoma habari zao. Kuna hoteli, hospitali, shule za watu binafsi, mashirika madogo ya wenyeji yanayopashwa kujionyesha kwa wafadhili wapya. Na kuna kazi isiyosemwa sana: programu ndogo za ndani. Duka la dawa linataka kujua dawa gani inakaribia kuisha muda. Shule inataka kuhesabu pointi bila makosa. Kikundi cha AVEC kinataka daftari la akiba lisiloweza kufutwa na mtu mmoja. Kazi hizi haziombi mteja wa Ulaya. Zinaomba kijana anayejua kusikiliza, na anayeweza kurudi kesho kama kitu kimekwama.

Kurudi kesho njo neno kubwa. Jina la tovuti linalipwa kila mwaka. Jina lenye mwisho wa .com ni kama dola kumi na tano kwa mwaka, wakati mwingine chini ya hapo. Fundi akipotea na neno la siri, ao mteja akiwa hajaambiwa kwamba atalipa tena, tovuti inakufa nyuma ya miezi 12, na mteja huyo hatamwamini kijana mwingine. Masomo yanayofundisha kujenga bila kufundisha kutunza, yanaharibu soko la wale watakaokuja.

Na kazi ya mbali, ya dola? Ipo, lakini inaomba miaka, si miezi mitatu, na inaomba Kiingereza. Inaomba pia njia ya kupokea malipo. Wakati benki zilifungwa, wakaaji wengi wa Goma walilazimishwa kuvuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta feza yao. Kijana anayefikiri juu ya mteja wa mbali anapashwa kujua namna atakavyolipwa mbele ya kuanza kazi.

Wasichana wasiachwe nyuma

Masomo mengi yanapangwa jioni, nyuma ya saa kumi na moja, wakati mwalimu ametoka kwenye kazi yake nyingine. Katika miji ambayo giza linaleta hofu, saa hiyo peke yake inafungia wasichana mlango. Wengine wanazuiliwa na kazi za nyumbani, wengine na chumba kilichojaa wavulana ambao hawaachii mashini. Kikundi kidogo cha karibu, posho asubuhi ao yenga nyuma ya misa, chenye zamu ya mashini iliyoandikwa kwenye karatasi ukutani, kinaondoa vizuizi hivi bila mradi wala mfadhili. Zamu iliyoandikwa inamlinda mnyonge kuliko hotuba juu ya usawa.

Maswali sita mbele ya kulipa

Mzazi ao kijana anaweza kwenda kwenye chumba cha masomo siku moja mbele ya kutoa feza, akauliza hivi:

1. Wanafunzi ni wangapi na mashini zinazofanya kazi ni ngapi? Afanye hesabu ya dakika palepale.

2. Umeme ao rezo ikikosekana, siku hiyo wanafanya nini?

3. Nani anasoma kazi za wanafunzi, na mara ngapi kwa juma?

4. Tuonyeshe kazi tatu za wanafunzi waliopita, na tuzungumze na mmoja wao.

5. Mwisho wa masomo kijana atakuwa ametengeneza kitu gani chake mwenyewe, na kwa nani?

6. Feza inaweza kulipwa kwa mwezi, ili kijana aache kama hasomi kitu?

Mwalimu wa kweli hatakasirika. Anayekasirika amekwisha kujibu.

Kwa wale wanaohitaji karatasi inayotambuliwa, kuna vyuo, na kuna INPP, taasisi ya serkali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa 1964. Masomo madogo ya mtaa hayawezi kuchukua nafasi hiyo, na haifai yajifanye yanaweza. Lakini njia hizi mbili zinasaidiana: mwanafunzi wa chuo mwenye mashini moja kwa watu thelathini anaweza kupata dakika zake katika sebule ya yaya, na yaya anaweza kuanza na vijana wawili bila kungojea jengo.

Kinachokosekana zaidi ni mashini. Familia nne zinazojua kuweka akiba pamoja, namna akina mama wanavyofanya katika AVEC na likirimba, zinaweza kununua kompyuta moja ya mkono iliyotumika, na kumlipa mwalimu kwa mwezi. Parokia ao shule yenye chumba cha mashini kinachofungwa kila posho inaweza kukifungua kwa saa tatu, chini ya mlinzi mmoja. Hakuna katika hayo kinachohitaji amri ya Kinshasa wala ya mkubwa mwingine.

Na mama muuza sambaza? Hata akikosa kuelewa HTML, kuna jambo moja anaweza kufanya kila yenga jioni. Amwambie kijana: "Nionyeshe kitu ulichofanya juma hili." Kama kila juma kuna kitu kipya, hata kidogo, hata kibaya, feza yake iko kazini. Kama nyuma ya mwezi mzima kijana anaonyesha daftari la kunakili tu, haina haja kungojea breve. Sambaza hiyo imekwisha kuharibika.